Kuchagua Kitafuta Samaki kwa Mvuvi wa Kayaki

Leo twataka kuzungumza habari za mashine ndogo ya umeme iitwayo kitafuta samaki, na jinsi impasavyo mvuvi mwenye kayaki kuichagua. Huenda wako wanaouliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi wenye mitumbwi na ngalawa?" Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kayaki si kitu ila mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, nayo siku hizi yaonekana hata katika pwani yetu. Basi yaifaayo kayaki huufaa na mtumbwi mdogo. Pili, mashine hii huuzwa kwa fedha nyingi, na fedha ya mvuvi hutoka majini kwa jasho. Akiitumia vibaya mara moja, huenda akangoja misimu miwili kabla ya kuipata tena.

Tulimjua mvuvi mmoja, kijana aliyepata kusoma kwetu, aliyeweka akiba yake kwa muda mrefu, kisha akanunua mashine yenye kioo kikubwa kuliko zote alizoziona dukani. Akaifunga katika kayaki yake, akatoka alfajiri. Kioo kikaonyesha ukungu tu, wala hakuona alama ya samaki hata mmoja. Akauacha mwamba wa kwanza akaenda wa pili, akauacha wa pili akaenda wa tatu. Kabla ya saa nne betri ikaisha nguvu. Aliporudi pwani alimkuta mzee mmoja mwenye mshipi na ndoana basi, naye alikuwa amekaa asubuhi yote juu ya mwamba ule ule wa kwanza. Tenga lake lilikuwa limejaa changu na tewa. Kijana akakata shauri kwamba mashine ni uongo mtupu. La, mashine haikusema uongo. Kosa lilikuwa katika kuichagua na katika kuifunga, na kosa hilo ndilo tutakalolieleza leo, ili mwingine asilirudie.

Mtu hawezi kuchagua vema kitu asichojua kazi yake, kwa hiyo natuanze hapo. Kila mtoto aliyepata kuita mbele ya jabali anajua mwangwi ni nini: sauti yaenda, yagonga jabali, yarudi. Tena manahodha wetu wa zamani walikuwa na bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba, wakakitupa majini ili kujua kina. Kitafuta samaki ni bildi ya sauti. Hupeleka chini mlio mfupi, kisha husikiliza mwangwi wake, na kwa kupima muda uliopita kati ya mlio na mwangwi hujua umbali.

Sauti huenda upesi zaidi majini kuliko hewani. Katika hewa huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Majini huenda kiasi cha mita 1,500. Jambo hili lilipimwa mwaka 1826 katika Ziwa la Geneva, nchi ya Uswisi, na Daniel Colladon pamoja na Charles Sturm. Katika mashua moja kengele iligongwa chini ya maji, na dakika ile ile baruti ikawashwa ili mwenziwe aliyekuwa mbali auone mwanga. Naye alitega bomba majini akahesabu muda mpaka sauti ilipomfikia. Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu hii wenyewe: ikiwa kina ni mita 15, sauti itakwenda mita 15 na kurudi mita 15, jumla mita 30. Gawanya kwa 1,500, utapata sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mwanadamu hawezi kupima muda mdogo namna hiyo kwa masikio yake, lakini mashine yaweza.

Maarifa haya hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba mawe fulani kama kwatzi yakibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikaonekana kwamba yakitiwa umeme hutetemeka. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, Paul Langevin alilitumia jambo hilo kutafuta nyambizi chini ya bahari. Mwaka 1935 Oscar Sund wa Norway alitangaza picha za mwangwi zilizoonyesha makundi ya samaki, na mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno huko Japani wakaanza kuwauzia wavuvi mashine za kazi hiyo. Mashine za kwanza zilikuwa kubwa na nzito, za kufaa meli. Leo huweza kushikwa kwa mkono mmoja.

Kwa nini samaki arudishe sauti, naye mwili wake karibu wote ni maji? Ni kwa sababu samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, kinachowasaidia kuelea. Sauti iendayo majini ikikutana na hewa hurudi kwa nguvu. Kwa hiyo mashine haioni magamba wala mapezi. Zaidi husikia kibofu. Samaki wasio na kibofu, kama papa, hurudisha mwangwi dhaifu, nao huweza kupita chini yako bila kuacha alama kubwa. Tulikumbuke neno hili la hewa, maana litarudi tena katika habari ya kufunga mashine.

Sasa natukitazame chombo chenyewe. Kayaki ilibuniwa na Wainuit na jamaa zao wa nchi za baridi kali, kama Greenland, ambao waliitengeneza kwa mifupa na miti iliyoletwa na bahari, wakaivika ngozi ya sili. Siku hizi kayaki nyingi za uvuvi hufanywa kwa plastiki, nazo zina urefu wa mita 3 au 4. Mvuvi hukaa karibu sana na maji, nguvu yake ni kafi na mikono, hana paa la kumkinga, na kila kitu alichonacho hulowa. Basi mashine ya kayaki sharti iwe nyepesi, isiyoogopa maji, na itumiayo umeme kidogo. Mashine iliyo njema katika mashua kubwa yenye injini huweza kuwa mzigo tu katika kayaki.

Jambo la kwanza la kuchagua ni sauti, wala si kioo. Sauti hupimwa kwa idadi ya mitetemo yake katika sekunde moja. Mitetemo elfu moja huitwa kilohezi moja. Masikio yetu hayasikii zaidi ya kilohezi 20 hivi, na sauti za mashine hizi ziko juu ya hapo. Juu ya masanduku yao utakuta hesabu kama 50, 83, 200, 455 na 800. Kanuni ni hii: sauti ya hesabu ndogo huenda mbali chini, lakini haipambanui vitu vizuri, sauti ya hesabu kubwa hupambanua vizuri, lakini huchoka mapema. Kilohezi 50 hutumiwa kwa vilindi vya bahari. Kilohezi 200 yafaa kwa maji ambayo wavuvi wengi wa vyombo vidogo huvua. Kilohezi 455 na 800 huchora picha safi ya mawe na majani, lakini katika maji yasiyo na kina kikubwa tu. Tena maji ya chumvi hudhoofisha sauti hizo kuliko maji baridi.

Basi jiulize: mimi huvua wapi? Ziwa Viktoria kina chake kikubwa ni mita 80 hivi, na wastani wake ni mita 40. Mvuvi wa sangara au sato huko hana haja ya mashine ya vilindi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo kirefu, na mkondo uliopo kati ya Pemba na bara hufika mita 800 hivi. Lakini hata hapo usidanganyike. Je, mshipi wako wafika wapi? Ikiwa wafika mita 60, wakufaa nini kujua mambo yaliyo mita 800? Pima mshipi wako kwanza, kisha nunua sauti iendayo kina hicho na kupita kidogo. Anayelipa fedha ya kutazama kilindi asichoweza kukivua amenunua tamasha, hakununua zana.

Pamoja na hesabu hiyo, utazame upana wa sauti. Sauti ya mashine hutoka kama mwanga wa tochi: nyembamba juu, pana chini. Ikiwa mwanya wake ni nyuzi 20, basi katika kina cha mita 10 hufunika duara lenye upana wa mita tatu na nusu hivi, yaani kama theluthi ya kina. Ikiwa mwanya ni nyuzi 60, hufunika zaidi ya mita 11 katika kina kile kile. Mwanya mpana huona samaki wengi, lakini hauwezi kukuambia wako upande gani. Mwanya mwembamba huona wachache, lakini walioonekana wako karibu chini yako, mahali ndoana yako itakapoteremka. Kwa maji machache mwanya mpana wafaa. Kwa maji mengi, mwembamba. Mashine nyingi zina yote mawili, nawe utabadili upendavyo.

Utaona pia masanduku yaliyoandikwa CHIRP. Maana yake ni kwamba mashine haitoi mlio wa namna moja, bali mlio unaopanda kutoka chini kwenda juu, kama mbinja ya mchungaji. Faida yake ni kupambanua samaki wawili walio karibu karibu, au samaki aliyelala juu kidogo ya mwamba. Ikiwa fedha yatosha, hili ni jambo la kulipia. Lakini zile mashine zichorazo picha za ubavuni, kuume na kushoto, si lazima kwa mwenye kuanza. Picha zake huwa nzuri chombo kinapokwenda sawasawa kwa mwendo mmoja. Kayaki huyumba kwa kila pigo la kafi, na picha huvurugika.

Jambo la pili ni kile kipande kitumbukizwacho majini, ambacho wauzaji hukiita transdyusa. Sisi tutakiita sikio, ijapokuwa ni kinywa na sikio pamoja, maana ndicho kitoacho sauti na kuipokea. Ziko njia tatu za kulifunga. Ya kwanza ni kulining'iniza ubavuni kwa mkono wa chuma au wa plastiki; huona vema, lakini hunasa majani na nyuzi, na lazima kuliinua ufikapo ufukoni. Ya pili ni kuliweka katika tundu lililotengenezwa chini ya kayaki. Kayaki nyingi za uvuvi zina nafasi hiyo, nayo ni njia nzuri, ila uangalie lisiburutwe juu ya mawe. Ya tatu ni kulibandika ndani, sauti ipite katika plastiki ya sakafu. Hapo ndipo lirudipo neno letu la hewa. Pakiwa na hewa kati ya sikio na plastiki, ijapokuwa ni povu dogo, sauti hurudi pale pale wala haishuki majini. Hilo ndilo lililompata yule kijana wetu: alilibandika kwa gundi yenye mapovu, na mashine yake ikawa kiziwi. Tena kwa njia hii mashine haiwezi kupima joto la maji sawasawa, na zile sauti za kilohezi 455 na 800 hudhoofika sana.

Jambo la tatu ni kioo. Kioo cha inchi 4 au 5 chatosha kwa kayaki, kwa kuwa mvuvi hukaa umbali wa mkono mmoja tu kutoka hapo. Cha inchi 7 husomeka kwa raha, walakini hula umeme zaidi. Lililo kubwa kuliko ukubwa ni mwangaza, kwani jua letu la saa sita ni kali. Omba ukitazame nje ya duka, mchana. Ukiwa na miwani ya kuzuia mng'ao wa maji, ivae na kukitazama ukigeuza kichwa, maana vioo vingine huonekana vyeusi kwa miwani hiyo. Na jihadhari na jambo moja: picha ionekanayo dukani, samaki tele wakipita, kwa kawaida ni mfano uliotiwa ndani ya mashine na waliotengeneza. Hakuna maji dukani, na samaki wale hawajapata kuogelea popote. Usinunue kwa ajili yao.

Jambo la nne ni betri. Hili wengi hulisahau mpaka kioo kizimike. Soma katika kitabu cha mashine inatumia ampea ngapi. Tuseme nusu ampea. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 yaweza kuiendesha kwa saa 14, kwa hesabu ya karatasi. Lakini betri ya risasi haifai kumalizwa. Ukitumia nusu yake tu ili idumu, umebakiwa na saa 7. Mashine ya kioo kikubwa, itumiayo ampea 2, ingeimaliza nusu hiyo kwa saa mbili kasorobo. Basi twajua sasa kwa nini betri ya kijana yule haikufika saa nne. Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi na hutoa karibu nguvu zake zote, ila bei yake ni kubwa, na sharti zichajiwe kwa chaja yake maalumu. Kwa kila namna, iweke betri katika kisanduku kisichoingia maji, uifunge isitembee, na utie fyuzi ya kiasi kilichoandikwa kitabuni.

Yako pia matufe madogo yatupwayo majini kwa uzi, ambayo hupeleka picha kwenye simu. Bei yake mara nyingi ni nafuu, wala hayahitaji kufungwa. Walakini simu husomeka kwa shida juani, na ikitumbukia umepoteza vyote viwili. Kwa mvuvi wa siku moja moja yafaa. Kwa aliyefanya uvuvi kuwa kazi yake, mashine iliyofungwa vema yafaa zaidi.

La tano ni ramani. Mashine nyingi huuzwa pamoja na GPS, yaani chombo kipokeacho habari kutoka satalaiti na kukuonyesha mahali ulipo. Ikiwa fedha ni chache, twashauri upunguze ukubwa wa kioo lakini usiiache GPS. Mwamba ulioupata leo utautia alama na kuurudia kesho, na ukungu ukishuka utajua njia ya kurudi.

Ukiisha kununua, jifunze kusoma. Ukingo wa kulia wa kioo ndio sasa. Mengine yote ya kushoto yamekwisha kupita. Samaki akipita chini yako huchora upinde, kwa sababu aingiapo pembeni yu mbali kidogo, afikapo katikati yu karibu, na atokapo yu mbali tena. Lakini wewe ukitulia naye akatulia, atachora mstari mrefu, ijapokuwa ni mdogo. Mwamba mgumu huchora mstari mnene na wenye nguvu. Tope huchora dhaifu. Mashine nyingi zina namna ya kuonyesha vipicha vya samaki mahali pa mapinde. Izime. Mashine hukisia tu, na kipande cha gogo au mapovu huweza kupewa mkia na mapezi. Siku ya kwanza nenda mahali unapopajua tangu utotoni, pima kwa kamba yenye chubwi, kisha ulinganishe. Mashine ikikubaliana na kamba, ndipo uiamini mahali usipopajua.

Baada ya kila safari uioshe kwa maji baridi, hasa penye maungio ya nyaya. Alama IPX7 maana yake ni kwamba mashine yaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Lakini haina maana kwamba chumvi haitakula shaba.

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Kitafuta samaki hutazama chini, wala hakitazami mbinguni. Hakitakuambia kwamba upepo wa kusi umegeuka, wala kwamba wingu jeusi laja juu ya ziwa. Mtu aliyeinamia kioo huweza kusahau kuinua macho, na kayaki ni chombo kidogo sana. Basi vaa vazi la kuelea kabla ya kuiwasha mashine, na umwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote viwili, nunua vazi kwanza.

Tena tusimdharau yule mzee wa mshipi. Wahenga walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mzee yule alijua mwamba, alijua maji ya kujaa na kupwa, alijua saa samaki wanapokula. Mashine yaweza kukuonyesha kwamba samaki wapo. Haiwezi kuwalazimisha kula. Kijana wetu aliibadili betri yake, akaling'oa sikio na kulifunga upya bila mapovu, kisha akamwomba mzee wafuatane. Mzee akaonyesha mahali, mashine ikaonyesha kina, na tangu siku ile kila mmoja amekuwa akimfundisha mwenziwe.